Mpishi Asiye na Jiko

Mpishi wa Wazungu akistaafu, yeye ndiye anayepumzika. Mkewe ndiyo kwanza shughuli inamwanzia. Auleria alilijua hilo siku ya tatu tu tangu mumewe, Revelian, arudi Temeke moja kwa moja na sanduku lake la bati, sare zake nyeupe na mazoea yake yote ya Oysterbay.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Tangu ujana wake Revelian alipika kwenye nyumba za maofisa wa serikali kule ufukweni, akilala kwenye vyumba vya watumishi, na nyumbani kwake anakuja Jumapili baada ya misa. Anakula, anashukuru, anakagua paa, anaondoka. Nyumba ile aliijenga kwa mshahara wa supu na nyama za kuoka, lakini aliyeishi ndani yake ni Auleria. Yeye ndiye aliyejua mlango upi unakwama wakati wa masika na mpangaji yupi huimba akioga. Kisha bwana wa mwisho akafunga virago kurudi kwao Uingereza, akamwambia Revelian kwamba na yeye umri umefika, akapumzike. Revelian alishukuru. Hakuna aliyemweleza kupumzika kunafanywaje.

Siku ya kwanza aliamka kabla ya jogoo, akavaa, akasimama uani kama mtu anayengoja kengele ya kupeleka chai. Siku ya pili alipanga vijiko vyote vya nyumba kwa urefu, kikabaki kimoja kisicho na mwenzake, akashinda nacho mkononi akiwauliza wapangaji. Siku ya tatu alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono nyuma, akamwambia mkewe kwamba vitunguu anavikata vikubwa mno na chumvi anaitia mapema.

Auleria alikuwa anapika ndizi, kama alivyofundishwa na mama yake kule Bukoba, na kama alivyozipika tangu aolewe. Hakugeuka. Alisema tu kwamba kwao, mwanamume akiingia jikoni ilhali mkewe yu hai na mzima, watu huuliza mke amekosa nini.

Na hilo Revelian alilijua vizuri. Kwa Wahaya wa umri wao, kumpikia Mzungu kwa mshahara ilikuwa kazi kama kazi nyingine, tena ya heshima; ukitembea na sare yako iliyopigwa pasi watu wanakupisha njia. Lakini kushika mwiko nyumbani kwako ni kumtukana mkeo mbele ya majirani. Yeye mwenyewe alikulia hivyo na hakuona ubaya wake. Ndiyo maana katika miaka yote ya ndoa Auleria hakuwahi kuonja hata kijiko kimoja cha chakula cha mikono ya mumewe. Wakubwa walisifu supu zake, wake zao walimwita sebuleni wamshukuru mbele ya wageni, na mkewe wa ndoa hakujua kama mumewe kweli anajua kupika au anasingiziwa.

Basi Revelian akarudi barazani akakaa. Alikaa wiki nzima. Mtu mwenye mikono iliyozoea kazi akikalishwa barazani ni mateso kwake na kwa kila anayepita, maana alianza kuwashauri wauza samaki namna ya kupanga samaki zao.

Wiki ya pili akatoweka asubuhi, akarudi kutoka Chang'ombe na debe kichwani. Fundi bati mmoja wa huko alikuwa amelifanyia mlango, amelitia vyuma vya kuwekea bati za keki, na juu amelifanyia kisahani cha kuwekea makaa. Ilikuwa tanuri kamili. Revelian aliipeleka kwenye banda la mbuzi, ambalo lilikuwa wazi tangu mbuzi mwenyewe aliwe Pasaka, akalifagia, akamwita mkewe aje aone.

"Hapa si jikoni," akamwambia. "Na keki si chakula. Keki ni kazi."

Auleria alilitazama debe, akamtazama mzee wake aliyesimama na ufagio huku macho yakimng'aa kama ya mtoto aliyepata viatu vipya, akamhurumia. Akakubali.

Hivyo ndivyo Revelian alivyopata kazi ya kustaafia. Haikuwa kazi ya kutwa. Asubuhi mbili za kila juma alioka vikeki vidogo vyenye ganda la chungwa, kufika saa nne amemaliza, ananawa, anavipeleka dukani kwa Kulsumbai, ajuza wa Kihindi aliyekaa kwenye duka la mwanawe mwisho wa mtaa na kulitawala kuliko mwanawe. Kulsumbai aliviweka kwenye chupa kubwa ya kioo karibu na mizani, na walimu wa shule walianza kupitia pale wakienda kazini. Auleria hakuonja hata kimoja; kazi ya mtu haiingiliwi. Siku zilizobaki Revelian alilala mchana, alicheza bao, alitembelea wagonjwa wa parokia. Akaanza kupiga mluzi. Hata vitunguu vya mkewe aliviacha vikatwe vilivyopenda.

Ndipo akaja Jabiri.

Jabiri alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, seremala, mtu wa pwani hasa, mwenye maneno mengi kuliko misumari. Naye alikuwa amestaafu, kutoka karakana ya bandarini, lakini aliendelea kuchonga milango na vitanda uani kwake kwa wateja wasio na haraka. Alipenda kumtania Revelian kwamba ni mpishi anayepikia kwa mbuzi. Siku hiyo hakutania. Alisema binti yake Tunu ameposwa na kijana wa Kariakoo, watu wa kujiweza, na watu wa kujiweza siku hizi harusini wanaweka keki ya ghorofa. Angependa keki hiyo itoke kwa jirani yake.

Revelian alitaka kukubali kabla sentensi haijaisha. Auleria, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, alingoja Jabiri aondoke, kisha akasema lake. Vikeki vya dukani ni mchezo, alisema, ila harusi ya majirani si mchezo. Mama Tunu ndiye aliyempokea alipofika Dar es Salaam hajui hata kukuna nazi. Kwa hiyo harusi hii ndiyo itakayoamua. Ikienda vizuri, Revelian aendelee na kazi yake mpaka Mungu atakapomwita. Akiwaaibisha, debe linarudi kwa fundi na yeye anarudi barazani kukaa kama wanaume wenzake.

Revelian akakubali sharti lile bila wasiwasi. Keki za harusi alizozioka maishani mwake hazihesabiki.

Alianza kazi mapema, maana keki ya matunda ya Kizungu haiokwi leo ikaliwa kesho. Alinunua zabibu, akachemsha maganda ya machungwa kwa sukari mpaka yakawa kama vioo, akakuna kungumanga, akapiga siagi kwa mkono mpaka bega likalalamika. Akaoka ghorofa tatu, moja moja, akizilinda mbele ya debe kama mtu anayelinda mgonjwa. Zilipopoa alizifunga kwa karatasi ya mafuta, akaziweka ndani ya bati kubwa lenye mfuniko, na bati akaliweka kwenye chumba kilichokuwa hakina mpangaji. Kisha kila baada ya siku chache aliingia mle peke yake, akazihudumia kama alivyofundishwa ujanani, akafunika, akatoka akipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya harusi, akamwomba mkewe aje amshikie bati wakati anazitoa. Auleria alikuwa hajakanyaga chumba kile tangu keki ziingie, kwa ile ile heshima ya kutoingiliana kazi. Akaja, akashika bati, Revelian akainua mfuniko.

Auleria alivuta pumzi. Akavuta tena, taratibu. Mwanamke huyu alikulia katikati ya migomba ya kukamulia pombe. Baba yake alikuwa hodari wa kutengeneza rubisi kuliko wote kijijini. Pua yake haikuhitaji kuelezwa.

"Baba Adelina," akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "keki hii ni ya nani?"

"Si ya Tunu?"

"Na umeitia nini?"

Revelian aligeuka amwonyeshe, na hapo ndipo alipoelewa. Palepale, kwenye rafu, ilikuwepo chupa ya brandi. Siku hizo Mwafrika hakuruhusiwa kuuziwa pombe kali ya namna ile. Bwana wake wa mwisho ndiye aliyemwachia wakati wa kuagana, ikiwa imebaki zaidi ya nusu, naye akaja nayo Temeke imejificha ndani ya buti la mvua. Sasa ilikuwa imebaki kidogo sana chini. Nyingine yote ilikuwa ndani ya keki. Alikuwa akizitoboa kwa sindano ya kufumia na kuzinywesha kijiko kwa kijiko, juma baada ya juma, kama alivyofanya maisha yake yote, na hata mara moja haikumpitikia kichwani kwamba safari hii walaji si Wazungu. Mikono ilikuwa kazini, kichwa kimestaafu.

Akakaa juu ya sanduku lake la bati. Harusi ya Waislamu. Shehe wa mtaa atakuwepo, na wazee wa Kariakoo na kanzu zao.

Auleria hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alifunika bati, akasema nyumba ni yake na kazi ni yake, ataamua mwenyewe, akaenda zake jikoni.

Sasa nisikufiche, Revelian alifikiria kunyamaza. Alifikiria kwa nguvu zote. Juu ya keki atapaka sukari nyeupe yenye ndimu, na maji ya waridi akitaka, harufu itafunikwa. Nani kule Kariakoo aliyewahi kuonja brandi hata aijue? Watakula, watasifu, na debe litabaki kwenye banda lake. Akisema, hakuna keki, hakuna kazi, na baraza inamngoja.

Akiwa anawaza hivyo, jicho lake likaangukia sahani moja ya maua mekundu iliyokuwa pembeni. Ilikuwa sahani ya kwao Jabiri. Kila mwezi wa Ramadhani, tangu wajenge pale, saa ya kufuturu sahani ile ilikuja imefunikwa kwa kawa: tambi, au viazi vya nazi, au maharage ya nazi yenye hiliki. Na Auleria aliirudisha Krismasi na kitu chake. Miaka yote hiyo Revelian alikula kilichomo na hata siku moja hakujiuliza kimetiwa nini. Kimetoka kwa Jabiri, basi, kinaliwa.

Akainuka, akavaa kofia, akatoka.

Kwa Jabiri hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walikuwa wanachambua mchele na kutwanga viungo, ngoma zimeegemezwa ukutani zikiota jua, na Jabiri mwenyewe alikuwa juu ya ngazi akifunga turubai. Revelian akamwomba ashuke. Jabiri akamwambia aseme tu, yeye masikio amepanda nayo. Revelian akasema jambo lenyewe ni la kuambiwa mtu akiwa chini. Jabiri akashuka.

"Jirani, keki ya Tunu nimeitia pombe."

Akamweleza yote, chupa, sindano na ujinga wa mikono yake. Hakujitetea. Jabiri alisikiliza akiwa ameshika kamba, uso umekunjamana.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mama Adelina tu."

"Kwa hiyo ungenyamaza, ningeila."

"Ungeila."

"Na ningekusifu mtaa mzima."

"Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza," akasema Revelian. "Mie nimekula kwako miaka yote hii nimefumba macho."

Jabiri aliketi kwenye kipandio cha chini cha ngazi, akavua kofia yake, akajifunika nayo uso. Mabega yakaanza kutikisika. Revelian akadhani amemliza mzee wa watu siku moja kabla ya harusi ya bintiye, akatamani ardhi ipasuke. Kumbe Jabiri alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka wanawake wakaacha kutwanga wakamtazama. Alisema kwamba angekufa, kesho akhera angekutwa na keki mkononi, na shahidi wake angekuwa shehe aliyekula kipande kikubwa zaidi.

Kisha kicheko kikamwisha, maana alikumbuka. Alikuwa amewaambia watu wa Kariakoo kwamba wataletewa keki ya ghorofa tatu, iliyoandaliwa na mpishi aliyewapikia magavana.

"Mie sijawahi kumpikia gavana," akasema Revelian.

"Hilo najua. Hilo tuliache lilivyo. Lakini keki, jirani, lazima iwepo."

Revelian alirudi nyumbani kichwa chini. Keki ya matunda kwa siku moja haiwezekani, na debe lake linaoka bati moja kwa wakati. Akasimama kwenye mlango wa jiko, pale pale aliposimama siku ile, akamwambia mkewe kwamba ameshasema. Jabiri hakukasirika, ila keki hana. Na Jumatatu atalirudisha debe Chang'ombe, kama walivyopatana.

Auleria alikuwa anachochea moto. Akapangusa mikono kwenye khanga.

"Debe tutalizungumza Jumatatu," akasema. "Leo tuna harusi. Wewe unaujua mkate wa mayai?"

Aliujua kwa kuula. Kila Krismasi Auleria aliuweka mezani, laini, wa manjano, unanukia hiliki. Umeokwa kwenye sufuria kwa moto wa juu na chini. Mama Tunu ndiye aliyemfundisha. Hakuna nyumba ya mtaa ule isiyojua kuuoka, alisema Auleria, na kila nyumba ina sufuria ya ukubwa wake. Wakigawana kazi, kufikia magharibi kutakuwa na mikate ya kujenga ghorofa wanazotaka.

Revelian, pamoja na aibu yake, akashindwa kujizuia. Akasema mkate wa mayai ni laini mno, ghorofa ya juu itazama ndani ya ile ya chini.

"Baba Tunu ni seremala au siye?"

Revelian akatazama upande wa ukuta wa Jabiri.

"Na ule ute wa mayai wa kupaka juu, nani anajua kuupiga?"

"Mie."

"Basi ingia," akasema Auleria. "Utasimama mlangoni kama mgeni mpaka lini?"

Revelian aliinama, maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia kwenye jiko la nyumba yake mwenyewe. Ilimchukua muda macho yazoee moshi. Akaona chumvi kwenye kifuu, mwiko wa ndizi uliolika upande mmoja, sufuria zilizong'arishwa kwa mchanga mpaka zikawa nyepesi. Kila kitu kilikuwa mahali ambapo mkono wa Auleria ungekifikia bila yeye kuinuka. Aliona kwamba kifuu cha chumvi kiko karibu mno na moto. Hakusema. Kwa mtu kama yeye, huo ulikuwa ushujaa.

Mchana ule mtaa ulinukia hiliki kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama Tunu alizunguka nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyekataa. Kila mmoja alitaka ijulikane kwamba mkate wake umo. Revelian alikimbilia kwa Kulsumbai kutafuta sukari laini, akalazimika kumweleza kulikoni, na yule ajuza akacheka ndani ya mtandio wake mpaka wateja wakaona haya kuagiza. Halafu akamtolea chupa ya maji ya waridi na kikombe cha lozi zilizomenywa, akakataa kulipwa. Mwislamu mwenzake anaozwa, alisema. Atie hii pale alipotaka kutia ile nyingine.

Jikoni walifanya kazi bega kwa bega. Auleria alivunja mayai, akitenga ute na kiini. Revelian alipiga ute kwa uma mpaka ukasimama wenyewe. Akamwuliza mkewe hiliki anatia kiasi gani. Auleria akamjibu kwamba anatia mpaka inatosha. Yeye aliyezoea kupima kila kitu kwa kikombe cha Kizungu akalipokea jibu hilo kwa adabu, akaonja, akakuta kweli imetosha. Baadaye Auleria naye akasimama kumtazama anavyozungusha mkono, akamwomba amfundishe, na alipoushika ule uma akarusha ute mpaka kwenye paji la uso la mumewe. Walicheka kama watu waliooana juzi. Revelian alifurahi mpaka akasahau kwamba yumo hatarini.

Jumamosi asubuhi mikate ikaanza kuwasili, mingine mipana, mingine midogo, mmoja umeungua kidogo na mwenyewe anasema ndivyo unavyotakiwa. Revelian aliikata pembe zilingane, katikati akapaka nazi iliyopikwa kwa sukari. Jabiri akaja na mbao mbili nyembamba za duara alizozipiga randa mpaka zikawa laini kama sahani, na nguzo ndogo alizozichonga kwa mtindo ule ule wa miguu ya vitanda vyake. Ghorofa ikakaa juu ya mbao, mbao juu ya nguzo, nguzo juu ya ghorofa nyingine. Revelian akapaka sukari nyeupe, akachora maua kwa karatasi iliyokunjwa, akapanga lozi. Alipomaliza akarudi nyuma hatua chache, akakaza macho. Ilikuwa imesimama wima.

Baada ya alasiri nikaha ikasomwa, na keki ikavuka ua kwa ua imebebwa juu ya mlango mpya wa Jabiri ambao ulikuwa haujapata nyumba. Wanaume wanne walishika pembe zake, Revelian akitangulia na sare yake nyeupe, akiwaamuru wapunguze mwendo. Vigelegele vikapanda. Tunu alikuwa ndani, amefunikwa, lakini watu waliona khanga ikisogezwa kidogo dirishani, na waliokuwa karibu walisema alicheka.

Wageni wa Kariakoo waliisogelea ile keki kwa mshangao. Wanawake wa mtaa nao waliisogelea, kwa sababu nyingine. Mmoja alikuwa anaonyesha kwa kidole: pale chini, upande wa kushoto, ni wangu. Mwenzake akasema hapana, wa kushoto ni wangu, wako ni ule ulioungua. Ilibidi Mama Tunu awatenganishe.

Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye dhahabu masikioni, alikula kipande, akaomba kingine, kisha akamwita Revelian. Alisema amekula keki nyingi za mjini ila hii sukari ya juu ni ya Kizungu na ndani inamkumbusha bibi yake. Akauliza ni keki ya nchi gani.

"Ya Temeke," akajibu Revelian.

Shangazi akasema ana binti wa kuoza baada ya mfungo, na atataka hiyo hiyo ya Temeke.

Jumapili walipotoka misa, Revelian aliketi uani akimenya chungwa. Hakugusia debe, wala Auleria hakuligusia. Auleria alibadili nguo za kanisani, akaingia kwenye kile chumba kisicho na mpangaji, akatoka na bati kubwa na kisu. Akaketi kwenye kigoda mkabala na mumewe, akafungua karatasi ya mafuta. Harufu ya brandi, zabibu na mdalasini ikajaa uani. Akakata kipande, akakitazama kote, akatia mdomoni.

Revelian alikuwa amewahi kusimama nyuma ya viti vya majaji na makamishna, kitambaa mkononi, bila wasiwasi wowote. Sasa chungwa lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kiwiko na hakuliona. Auleria alitafuna pole pole. Akameza. Akafumba macho kidogo, kama anayesikiliza mtu anayezungumza chumba cha pili.

"Kumbe hukusingiziwa," akasema.

Sifa zote za Oysterbay hazikuwahi kumtoa Revelian machozi, na hili neno moja lilimtoa, akasingizia chungwa.

"Miaka yote hii Wazungu walikuwa wanakula hivi," akaendelea Auleria, "na wewe ukija hapa unakula ndizi zangu unasema asante."

"Ndizi zako nilikuwa nazingoja wiki nzima," akasema. Na ilikuwa kweli tupu.

Auleria akapangusa kisu kwa ncha ya khanga. Alisema lile debe halifai kukaa kule kwa mbuzi, masika yakija litapata kutu. Alilete jikoni; ataondoa magunia yaliyopo kwenye ile pembe, nafasi itapatikana. Asubuhi zake mbili za kila juma atafanya kazi yake humo, na mtu wa Bukoba atakayeuliza mke amekosa nini, aje aulize kwake mwenyewe, atamkatia kipande.

"Lakini vitunguu vyangu usiviseme," akasema.

"Sitavisema."

"Na chumvi."

Revelian alifikiria kifuu kilivyokaa karibu na moto.

"Na chumvi," akakubali.

Auleria akakata kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, akala.